Maigizo ya historia kama tafsiri: Warumi, beni na Bububu

Lugha ya Kiswahili hutofautisha kuiga na kuigiza. Aigaye hufuata tendo la mwenziwe ili alifanye kuwa lake. Mtoto huiga mwendo wa baba yake, na fundi kijana huiga mkono wa fundi mkuu. Aigizaye hulifanya tendo la mwingine mbele ya watu, na yeye pamoja na watazamaji wake wajua kwamba tendo hilo si lake. Tofauti hii yafaa iwekwe mbele kabla ya kuchungua jambo lililo pembeni kidogo mwa mipaka ya kawaida ya uhakiki wa fasihi, nalo ni maigizo ya historia: desturi ya watu wa leo kuvaa mavazi ya watu wa kale, kushika zana zao, na kutenda matendo yao, si kwa mshahara wala kwa ibada, bali kwa mapenzi tu katika saa zao za mapumziko.

Hoja inayoshikiliwa hapa ni moja. Igizo la historia ni namna ya tafsiri, na lastahili kuhakikiwa kama tafsiri inavyohakikiwa: matini ya asili ni ipi, ni nini kilichoongezwa, na ni nini kilichoachwa. Mfano wa kwanza ni wa mbali, nao ni Warumi waigizwao Ulaya. Mifano inayofuata ni ya pwani ya Waswahili, nayo ni utenzi, tamthilia na ngoma. Kipimo cha mwisho ni Bububu, mji mdogo wa pwani ulio maili chache kaskazini ya Mji Mkongwe wa Unguja, ambako historia imeacha athari nyingi na masimulizi mengi, na ambako yeyote atakaye kuigiza mambo ya kale atalazimika kuchagua.

Katika Uingereza, Ujerumani, Italia na Marekani wako watu wa kazi mbalimbali, walimu, makarani, mafundi wa magari, ambao siku zao za mapumziko hugeuka askari wa Rumi. Huvaa kanzu fupi ya sufu, deraya ya mabamba ya chuma na chapeo yenye mashavu. Hushika ngao iliyopinda, mikuki ya kurusha na upanga mfupi. Miguuni huvaa viatu vya ngozi vya kanda, mfano wa makubadhi, vyenye soli zilizopigwa misumari. Hupiga mahema ya ngozi, husaga nafaka kwa mawe, na huitikia amri za Kilatini. Mtazamaji mwenye haraka atasema kwamba huo ni utoto wa watu wazima. Lakini historia ya mchezo wenyewe yaonyesha jambo jingine.

Mwaka 1964 wachimbuaji wa mambo ya kale walifukua sanduku katika ngome ya Kirumi ya Corbridge, kaskazini mwa Uingereza, na ndani yake mlikuwa na mabamba ya deraya. Kabla ya hapo wataalamu walikuwa wakikisia tu jinsi mabamba hayo yalivyoungwa, wakitegemea sana michoro ya mawe katika mnara wa Trajan mjini Roma. H. Russell Robinson, aliyekuwa mtaalamu wa silaha za kale, aliyachungua mabamba ya Corbridge, akaunda mfano wake, na mwaka 1975 akatoa kitabu juu ya deraya za Rumi. Wakati huo huo, mwaka 1972, lilikwisha anzishwa katika mkoa wa Gloucestershire kundi liitwalo Ermine Street Guard, lililozaliwa katika tamasha la kijiji. Vifaa vyao vya mwanzo vilikuwa vya kubahatisha. Walipopata mwongozo wa Robinson waliviacha wakatengeneza vingine, na kwa kuvivaa na kutembea navyo walijifunza mambo yasiyoonekana katika vitabu: ni kamba gani hukatika kwanza, bega gani huumia, na askari huweza kuinama kwa kiasi gani.

Mfano mkubwa zaidi ni wa mwaka 1985, pale mwanahistoria Mjerumani Marcus Junkelmann alipowaongoza wenziwe kwa miguu kutoka Verona hata Augsburg, wakiivuka milima ya Alps huku wamebeba mizigo na silaha za askari wa Rumi. Safari hiyo haikuthibitisha kila jambo. Mwili wa mtu wa karne ya 20 si mwili wa askari wa zama za Augustus. Lakini iliyatoa maswali katika karatasi ikayatia katika miguu. Huu ndio wema wa maigizo yanapokuwa mema: hukubali kusahihishwa. Pale ushahidi mpya unapotokea, mchezaji huivua deraya yake ya zamani, ijapokuwa aliitengeneza kwa mikono yake na kwa gharama kubwa.

Kasoro zake nazo hazifichiki. Amri za kijeshi za Kilatini zilizohifadhiwa vizuri zimo katika kitabu cha vita kinachonasibishwa na Kaizari Maurice, cha mwisho wa karne ya 6. Atakayezitumia huku amevaa deraya ya karne ya 1 ameunganisha vitu vilivyotengana kwa miaka mia tano. Tena, wengi huchagua kuwa askari, na wachache huchagua kuwa mtumwa, mchunga nyumbu, au mwanamke aliyeuza mkate nje ya ngome. Kwa muda mrefu pia watazamaji walidhani kwamba jeshi la Rumi lilikuwa la watu wa Ulaya peke yao, ilhali Kaizari Septimius Severus alizaliwa Leptis Magna, katika nchi iitwayo leo Libya, na katika karne ya 3 kikosi cha Wamori kutoka Afrika Kaskazini kililinda ngome ya Aballava kwenye ukuta wa Hadrian. Kuyasahau hayo katika igizo ni kosa lile lile la mfasiri aliyeruka ukurasa.

Msomaji wa Kiswahili aweza kuuliza: Warumi wana nini na pwani yetu? Wana mengi kuliko inavyodhaniwa. Mojawapo ya tenzi za kale kabisa za Kiswahili zilizotufikia, Utenzi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, ni utenzi wa vita na Warumi. Ulitungwa na Bwana Mwengo wa Athumani kule Pate, na tarehe inayohusishwa nao ni ya mwaka 1728. Herekali ni Heraclius, Kaizari wa Rumi ya Mashariki, aliyetawala kutoka mwaka 610 hata 641. Waarabu waliwaita watu wake Rum, jina lililo kichwa cha sura ya 30 ya Kurani, na kwa njia hiyo Rumi iliingia katika Kiswahili mapema, kabla ya misheni na kabla ya shule za Kizungu.

Wanahistoria hukubali kwamba msafara wa Tabuk wa mwaka 630 haukuishia katika vita na jeshi la Herekali. Mapigano yaliyojulikana baina ya Waislamu na watu wa Rumi katika miaka hiyo yalikuwa ya Mu'ta, mwaka 629. Katika utenzi, hata hivyo, majeshi yanakutana na vita vikubwa vinapiganwa. Mchungaji wa historia ataliita hilo kosa. Mhakiki wa fasihi hana haki ya kukoma hapo. Matini ya asili ya Bwana Mwengo haikuwa taarifa ya vita bali masimulizi ya maghazi, ambayo yalikwisha kuvikuza vita hivyo kabla hayajafika Pate. Mtunzi hakukusudia kumpa msikilizaji vipimo vya ngao ya Kirumi. Alikusudia kumweka uwanjani ili aone imani ikijaribiwa. Rumi yake ni adui mkubwa kwa sababu ushindi juu ya adui mdogo hauna maana. Kwa hiyo, kwa kipimo cha kwanza, yaani uaminifu kwa chanzo, utenzi huu ni mwaminifu kwa chanzo chake. Tatizo ni la yule anayeusoma akidhani chanzo chake ni kingine.

Rumi ya pili katika Kiswahili ni ile iliyopitia Uingereza. Mwaka 1963 Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, na mwaka 1969 akaitoa upya baada ya kuisahihisha, kwa jina la Juliasi Kaizari. Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya siasa ya tafsiri hiyo na juu ya mizani yake. Hapa latosha jina. Agano Jipya la Kiswahili lina Kaisari. Wakati wa utawala wa Wajerumani watu wa bara walimjua Kaiza wa Berlin. Waarabu walikuwa na Kaisar wao. Majina yote hayo ni jina moja, na yote yako karibu na sauti aliyoitwa nayo mwenyewe, kwa kuwa Warumi wa zama zake walitamka k mwanzoni mwa jina hilo. Mwingereza asomaye Shakespeare yu mbali zaidi na sauti ya Roma kuliko mzee wa Unguja asomaye Kiswahili. Marekebisho ya jina katika toleo la 1969 hayakuwa pambo tu: jina lilitolewa katika mavazi ya Kiingereza likavikwa nguo iliyo karibu zaidi na yake ya kwanza.

Liko jambo jingine ambalo waigizaji wa Ulaya hulitafuta kwa taabu na Mswahili analo ulimini. Warumi walihesabu saa za mchana kutoka macheo: saa ya tatu ilikuwa katikati ya asubuhi, na saa ya sita ilikuwa adhuhuri. Aigizaye Warumi katika Uingereza lazima ajikumbushe kila mara, tena lazima akumbuke kwamba saa ya Kirumi hurefuka wakati wa joto na hufupika wakati wa baridi. Katika Unguja, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, saa tatu ya asubuhi ni saa tatu. Inajulikana kwamba Shakespeare aliitia katika Roma saa ya kugonga ambayo haikuwako zama hizo. Mfasiri wa Kiswahili anayekutana na kosa hilo ana lugha ambayo hesabu yake ya saa ni ya kale kuliko kengele hiyo. Katika jambo hili dogo Kiswahili chaweza kuigiza Rumi kwa uaminifu kuliko lugha iliyoitwaa Rumi kuwa urithi wake.

Utenzi na tamthilia ni maigizo ya maneno. Maigizo ya mwili, ya mavazi na vyeo na mwendo wa kijeshi, pwani iliyajua katika beni. Ngoma hii, ambayo jina lake latokana na neno la Kiingereza la bendi, ilianza Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890, ikaenea Tanganyika na mbali zaidi, hasa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Wachezaji walikuwa na vyama vyao, Marini na Arinoti vikiwa mashuhuri kuliko vingine huko Tanganyika; walikuwa na majenerali na maofisa; walivaa sare, wakapiga tarumbeta na ngoma za kizungu, wakapita barabarani kwa gwaride. Katika Unguja beni ipo hata leo katika harusi, na kicheko chake hakijafa.

Kwa miaka mingi wageni waliiona beni kuwa ni kuiga tu, na hata baadhi ya wenyeji waliicheka kwa sababu hiyo. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, alionyesha kwamba fikira hiyo ni fupi. Ndani ya sare za kigeni mlikuwamo mashindano ya mitaa na ya koo yaliyokuwako kabla ya Wazungu, pamoja na kusaidiana wakati wa misiba na kupeana heshima ambayo serikali ya kikoloni haikuwapa. Kwa maneno ya mwanzo wa makala haya, walioitazama waliona kuiga mahali ambapo palikuwa na kuigiza. Mchezaji aliyejiita jenerali alijua kwamba si jenerali, na watazamaji walijua vile vile. Kwa kujua huko waliweza kumcheka jenerali wa kweli bila kumtaja.

Hapa tofauti ya beni na mchezo wa Warumi yaonekana wazi. Mwingereza avaaye deraya huigiza mtawala aliyekufa, ambaye hawezi kumkamata wala kumtoza kodi. Mchezaji wa beni aliigiza mtawala aliye hai, aliyekaa katika boma lililo umbali wa hatua chache. Mchezo wa kwanza hujaribiwa na ushahidi wa udongoni. Wa pili ulijaribiwa na polisi. Kwa sababu hiyo si haki kuipima beni kwa usahihi wa vifungo vya sare. Matini yake ya asili haikuwa sare bali mamlaka, na mamlaka hiyo iliitafsiri vizuri.

Baada ya kuyapima hayo, ndipo yafaa kurudi Unguja na kuuliza ni maigizo gani yangefaa kisiwa hiki. Rumi ilikifika, lakini si kwa jeshi. Kitabu cha mwongozo wa bahari cha karne ya 1, kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kiyunani na mfanyabiashara wa Misri iliyokuwa chini ya Rumi, chataja kisiwa cha Menuthias, ambacho wataalamu wengine hukidhania kuwa Unguja au Pemba, na soko la Rhapta, lililopata jina lake kwa mashua zilizoshonwa. Walioleta bidhaa walileta mikuki, mashoka madogo, visu na vyombo vya kioo; waliondoka na pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Kwa hiyo atakaye kuigiza zama za Rumi katika pwani hii hana haja ya chapeo. Ana haja ya kamba za nazi, mbao na sindano ya mshoni. Kazi ya namna hiyo ilikwisha fanyika: mwaka 2003 mafundi waliunda mtepe, chombo cha kushonwa kisicho na msumari, ukawekwa katika Beit al-Ajaib, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Huo nao ni igizo la historia, tena la daraja ya juu, kwa kuwa mkono uliulizwa swali na ukajibu.

Bububu yenyewe yatoa mtihani mgumu zaidi, kwa sababu yaliyopita hapo ni ya karibu. Jina lake ni mfano wa kwanza. Wengi husimulia kwamba latokana na sauti ya gari moshi, na ni kweli kwamba kutoka mwaka 1905 ilikuwako reli ya maili 7 hivi iliyotoka mjini hata Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani na ambayo kazi yake ilikoma katika miaka ya 1920. Wengine husema latokana na mchirizo wa maji ya chemchemi. Lakini Seyyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na kujulikana baadaye kwa jina la Emily Ruete, aliitaja Bububu kwa jina hilo hilo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886. Jina lililoandikwa mwaka 1886 haliwezi kuwa mwana wa gari lililokuja mwaka 1905. Hili halithibitishi hadithi ya chemchemi. Laondoa ile ya gari moshi tu. Simulizi ya gari hata hivyo haina haja ya kutupwa, kwa maana yaonyesha jinsi watu walivyolisikia gari hilo. Yatosha isiitwe historia ya jina.

Mfano wa pili ni mzito. Salme aliishi Bububu katika miaka ya 1860, kabla ya kuondoka Unguja mwaka 1866. Nyumba ya ufukweni, binti wa mfalme, mapenzi na Mjerumani, safari ya usiku: hakuna mambo yanayotaka kuigizwa kuliko hayo. Karibu yake, kwenye mwinuko wa Kidichi, yako mahamamu yaliyojengwa mwaka 1850 kwa ajili ya mke Mwajemi wa Seyyid Said, yenye nakshi za plasta. Mavazi yanapatikana, majengo yanapatikana, na wageni wa kutazama wanapatikana. Lakini kilima hicho hicho na bonde hilo hilo vilikuwa mashamba, na mashamba yalilimwa na watumwa. Biashara ya watumwa kwa bahari ilipigwa marufuku mwaka 1873, na hali ya utumwa haikuondolewa katika sheria ya Unguja ila mwaka 1897. Salme mwenyewe aliandika sura juu ya utumwa katika kitabu chake, wala hakuulaani kama walivyoulaani Wazungu waliomzunguka. Igizo litakalomleta Salme ufukweni bila ya mikono iliyomwandalia mashua na chakula litafanana na jeshi la Rumi lisilo na mtumwa hata mmoja. Vazi litakuwa sahihi, na maana itakuwa pungufu.

Huenda ikajibiwa kwamba mchezo ni mchezo, na kwamba kuutwisha mizigo yote hiyo ni kuuvunja. Jibu hilo lina ukweli. Atakayeigiza si lazima amalize historia katika alasiri moja, na Bwana Mwengo hakulazimika kuandika juu ya Mu'ta na Tabuk kama mwanachuo. Lakini Bwana Mwengo hakuficha kwamba anatunga utenzi, na mchezaji wa beni hakuficha kwamba si jenerali. Hatari huzaliwa pale igizo linapojiita historia yenyewe, na zaidi pale watazamaji wanapokuwa wageni au watoto wa shule wasio na kitabu kingine cha kulinganisha. Tena, aigizaye utumwa ana wajibu wa adabu: uko utani ambao beni iliuweza kwa kuwa ulielekezwa kwa wenye nguvu, na utani huo huo ukielekezwa kwa waliofungwa minyororo hugeuka matusi.

Kwa hiyo mhakiki atakapoalikwa kutazama igizo la historia, liwe la Warumi katika uwanja wa Uingereza au la karne ya 19 katika ufukwe wa Bububu, ana maswali matatu ya kuuliza, yale yale amwulizayo mfasiri. Kwanza, chanzo ni kipi, na je, wachezaji wako tayari kukiacha chanzo dhaifu wapatapo kilicho imara, kama walivyofanya watu wa Ermine Street Guard? Pili, kilichoongezwa kimeongezwa kwa ajili gani, kwa kufafanua au kwa kupendeza tu? Tatu, ni nani aliyeachwa nje ya uwanja, na je, kuachwa kwake kumesemwa? Swali la tatu ndilo ambalo Ulaya imechelewa kulijibu. Katika Bububu haifai lichelewe, kwa sababu wajukuu wa waliolima mashamba hayo ndio wakaao huko, na baadhi yao ndio watakaoombwa kuvaa mavazi.

Kazi ya wataalamu wa Kiswahili katika jambo hili si ndogo. Msamiati wa mashamba, wa vyombo vya kushonwa, wa mapishi na wa mavazi ya karne ya 19 umetawanyika katika kamusi za zamani, katika barua na katika vinywa vya wazee. Usipokusanywa, waigizaji wa kesho watasemezana kwa lugha ya magazeti ya leo, na watazamaji hawatatambua kwamba jambo limepotea. Deraya ya Corbridge ilifukuliwa pamoja na sanduku lake. Maneno hayana sanduku, na kwa hiyo yanafaa kutangulizwa kabla ya vazi la kwanza halijashonwa.